Bia ya wimbi: Kehancha haina hopsi, ina kimea

Agosti inapoisha na Septemba kuingia, wapika bia wa nyumbani huko Bavaria nchini Ujerumani, Kent nchini Uingereza na Bonde la Yakima nchini Marekani huwa mbioni. Hopsi zimekomaa. Haya ni maua ya mmea unaotambaa juu ya kamba hadi mita 5 na zaidi, na ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Mwaka mzima hopsi hutumika zikiwa zimekaushwa. Katika wiki hizo chache tu huchumwa asubuhi na kutiwa chunguni siku hiyo hiyo, mbichi kabisa, kwa sababu zina maji mengi na zikilala siku mbili zinaanza kuharibika. Wapenzi wa bia hiyo huithamini kwa jambo moja kubwa: haipikwi mbali na shamba.

Kehancha, mji wa Wakuria katika Kaunti ya Migori, hauna shamba la hopsi. Hata hivyo pombe inayopikwa kwa mazao ya shamba la jirani na kumalizwa ikiwa bado mbichi ni jambo ambalo wanawake wa vijiji vya Kuria wamelifanya vizazi na vizazi. Wakuria na jirani zao Abagusii huiita amarwa. Wajaluo wa Migori na Homa Bay huiita kong'o, na mitaani kote Kenya inajulikana kama busaa. Roho yake ni wimbi, nafaka ambayo ndugu zetu wa Tarime, ng'ambo ya mpaka, wanaiita ulezi.

Pombe hii ni ufundi, tena ni zao la shamba. Kuitia katika kapu moja na sumu inayouzwa kwenye chupa zisizojulikana zilikotoka kumemuumiza mkulima, kumemuumiza mpishi, na mnywaji hakupata usalama wowote. Ni wakati sasa Migori ipambanue mambo haya mawili.

Jua la ikweta

Anayetamani kupanda hopsi Kehancha atagombana kwanza na jua. Hopsi ni mmea wa nchi zenye kiangazi kirefu na baridi kali. Hustawi zaidi kati ya latitudo 35 na 55, kaskazini au kusini mwa ikweta. Miezi ya baridi huipumzisha mizizi yake. Kisha huja mchana mrefu, wa saa 15 au 16, ambao huufanya mmea urefuke na kutoa matawi, na mchana unapoanza kupungua ndipo unachanua. Hallertau, eneo la Bavaria lenye mashamba mengi zaidi ya hopsi yaliyopakana duniani, hupata mchana wa saa 16 mwezi Juni.

Kehancha iko kama nyuzi 1 tu kusini mwa ikweta. Hapa siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote hazipishani hata dakika 10. Hopsi ikipandwa itaota, lakini itadhani msimu umeshapita: itachanua kabla haijakua, na mavuno yatakuwa haba. Afrika Kusini ilipambana na tatizo hilo katika mashamba ya George, mkoani Western Cape, yaliyo latitudo 34. Kwa miaka mingi wakulima huko walimulika mashamba kwa taa za umeme ili kuurefusha mchana, mpaka watafiti walipozalisha aina zinazovumilia mchana mfupi zaidi, ikiwemo ile inayoitwa Southern Brewer. Mkulima wa Kuria anayehesabu hata gharama ya kuwasha taa sebuleni hawezi kumulika ekari nzima usiku kucha.

Viwanda vikubwa navyo havikupata njia ya mkato. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo, na bia ya Tusker, yaani tembo mwenye pembe, ikaitwa hivyo kwa kumbukumbu hiyo. Leo shayiri ya bia za Kenya hulimwa katika maeneo kama Narok, Molo na Timau, lakini hopsi huagizwa kutoka ng'ambo. Kwa hiyo mtu wa Kehancha anayetaka bia iliyotoka shambani mwake asianze na hopsi. Aanze na kimea.

Siku za kimea

Wimbi lina punje ndogo nyekundu zinazopita kati ya vidole kama mchanga, na mchanga wenyewe ndio adui wa kwanza. Wimbi likipurwa juu ya ardhi huchanganyika na chembe za udongo, kwa hiyo mpishi makini hulipepeta kwa ungo, kisha huliosha mara kadhaa akilikoroga na kulimimina taratibu ili mchanga ubaki chini ya beseni. Anayeruka hatua hii hutambulika mapema, maana pombe yake husaga meno.

Baada ya kuoshwa, wimbi hulowekwa usiku kucha, humwagwa maji, kisha hufungwa ndani ya gunia lililolowa au hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuwekwa pembeni pasipo na upepo. Hapo mpishi huanza kusoma kwa mkono. Anauingiza ndani ya gunia kupima joto. Likiwa baridi mno, punje zimelala. Likiwa moto wa kuunguza, zinaiva badala ya kuota, basi hulifungua apate kulipoza. Kila siku hunyunyiza maji kidogo. Siku ya pili au ya tatu vimizizi vyeupe huwa vimeshikana hadi wimbi lote limekuwa kama mkeka mmoja mzito wenye harufu ya majani mabichi. Huo mkeka huvunjwavunjwa kwa vidole, huanikwa juani juu ya turubai, na ukikauka hupelekwa kwenye mashine ya kusagia. Unga unaotoka ndio kimea.

Kinachotokea ndani ya punje ni kwamba mmea mchanga unajitayarishia chakula. Unatengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga na kuugeuza sukari. Mpishi huukatiza mmea safari kwa kuuanika, halafu huvitumia vimeng'enya hivyo kuvunja wanga wa nafaka nyingine, na hamira hula sukari hiyo na kutoa kileo. Hii ndiyo kazi ile ile ambayo shayiri iliyooteshwa hufanya katika kiwanda cha bia. Wimbi ni miongoni mwa nafaka za Afrika zinazotoa kimea bora. Mtama nao hutoa kimea, ila chipukizi zake zina kemikali inayoweza kuzalisha sayanidi, hivyo ni lazima ukaushwe vizuri na vimizizi vyake viondolewe. Mpishi wa wimbi hana mashaka hayo.

Upande wa pili wa kazi ni unga wa mahindi. Hukandwa kwa maji baridi ukawa donge gumu, huwekwa ndani ya chombo kilichofunikwa kwa siku mbili tatu mpaka uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati pana lililokatwa kwenye pipa, chini kukiwa na moto wa kuni. Mtu husimama na koleo akiugeuza bila kupumzika, moshi ukimwingia machoni, hadi donge livunjike na kuwa chengachenga za rangi ya kahawia. Ni kazi ya jasho, na ndipo ladha ya busaa inapozaliwa: ladha ya kuungua kidogo, ya mkate ulioiva sana. Chenga hizo hutiwa maji ya kutosha, kimea huchanganywa, na chombo hufunikwa. Kwa siku kama mbili au zaidi, kutegemea joto, mchanganyiko huchemka wenyewe bila moto, ukitoa povu na kuzomea. Ukipoa na kunyamaza, huchujwa kwa gunia safi au kitambaa. Machicha hupewa nguruwe, ng'ombe na kuku, na hakuna kinachotupwa.

Uchachu badala ya uchungu

Hapa ndipo bia ya hopsi na bia ya wimbi zinapoachana njia. Ndani ya ua la hopsi kuna unga wa manjano wenye asidi chungu. Zikichemshwa kwa muda wa kama saa nzima, asidi hizo hubadilika umbo, huipa bia uchungu wake, tena huzuia bakteria wanaochachusha maziwa na nafaka. Ndiyo maana hopsi zilienea Ulaya. Mtawa Hildegard wa Bingen aliandika katika karne ya 12 kuhusu uwezo wake wa kuhifadhi vinywaji, na mwaka 1516 watawala wa Bavaria walitoa amri kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji peke yake. Bia yenye hopsi ilivumilia safari na ghala.

Bakteria wale wale ambao hopsi huwafukuza ndio marafiki wa mpishi wa busaa. Wao huuchachusha unga wa mahindi, na uchachu ukizidi, vimelea vingi vya magonjwa hushindwa kuishi humo. Kwa maneno mengine, Ulaya ililinda bia yake kwa uchungu, nasi tukailinda yetu kwa uchachu. Tofauti ni kwamba uchachu hausimami. Busaa huendelea kuchachuka ndani ya chombo, na baada ya siku chache haifai tena. Kwa hiyo hunywewa papo hapo, karibu na ilikopikwa, na wanaoijua mikono ya mpishi. Ubichi wake si jambo la msimu mmoja kwa mwaka kama ule wa hopsi. Kila mtungi wa busaa ni mbichi.

Wala uchungu haukosekani Afrika Mashariki. Wachagga wa Kilimanjaro hupika mbege kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na huitia uchungu kwa gamba la mti wa msesewe. Waethiopia hutumia majani na vijiti vya gesho katika bia yao ya tella na mvinyo wao wa asali unaoitwa tej, na mti huo wa gesho unaota pia katika nyanda za juu za Kenya. Wakikuyu hutumia tunda la mwegea kuchachushia muratina ya asali, na mwegea ni mti ambao Wajaluo wa Homa Bay na Migori wanaujua vizuri kwa jina la yago. Mtafiti au mpishi wa Kuria anayetaka bia chungu ya kwao ana pa kuanzia bila kusubiri meli. Ila miti hii ni dawa kabla ya kuwa kiungo, na msesewe una kemikali zenye nguvu mwilini. Ajifunze kwa wanaoutumia, asijaribu kwa kubahatisha.

Mtungi na wazee

Kwa Wakuria, kama kwa majirani zao, pombe ya nafaka ilikuwa na mahali pake na watu wake. Ilipikwa kwa harusi, kwa matambiko, kwa kuwapokea wageni wa heshima na kwa vikao vya wazee, wale ambao baraza lao, inchama, bado linaogopwa na kuheshimiwa hadi leo. Abagusii walikuwa na risaga, ushirika wa majirani waliolima shamba la mmoja wao kwa zamu na kumalizia jioni kwa pombe ya mwenye shamba. Wajaluo waliinywa kwa oseke, mrija mrefu unaomwezesha mzee kubaki kitini mwake huku akivuta kutoka mtungi mmoja na wenzake. Kule Uganda, Wateso na wengineo bado hukaa hivyo kuzunguka mtungi wa ajono au malwa, wakiuongeza maji ya moto kadiri unavyokauka.

Mpangilio huo ulikuwa na breki zake. Kupika kulichukua zaidi ya wiki moja ukihesabu kimea, kwa hiyo pombe haikuwepo kila siku. Wimbi lilikuwa chakula, na hakuna mama ambaye angemaliza ghala lake kwa ulevi. Vijana walisubiri zamu yao. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews kilichotoka mwaka 2002, ameonyesha jinsi pombe katika Afrika Mashariki ilivyofungamana na mamlaka ya wazee, na jinsi mambo yalivyovurugika fedha na dola zilipoingia kati.

Nako kuingia kwa dola kulikuwa kwa kishindo. Serikali ya kikoloni iliwapa machifu uwezo wa kuzuia upikaji wa pombe katika maeneo yao, uwezo uliobaki katika Sheria ya Machifu hata baada ya Uhuru. Mapema miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ilijitwalia haki ya pekee ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji mjini. Bia ya chupa nayo ilikatazwa kwa Mwafrika hadi miaka ya 1940. Ndivyo pombe ya mama kijijini ilivyogeuzwa kosa, huku ile ya kiwandani ikisubiriwa kama cheo.

Samaki mmoja akioza

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Katika sera ya pombe nchini methali hii imekuwa kama kanuni. Chang'aa, pombe kali inayotoneshwa kwa moto, ilipigwa marufuku kwa sheria maalumu ya mwaka 1980. Marufuku haikuimaliza, iliisukuma gizani. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014 vifo vikatokea tena katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu, na waliokufa walizidi 60. Februari 2024 kilio kilikuwa Kirinyaga. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza hatua kali dhidi ya pombe haramu, na misako ikaenea nchi nzima.

Ni haki kupambana na methanoli. Ni kemikali ya viwandani ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayopofusha macho na kuua. Lakini tuulize inatoka wapi. Wimbi likichachuka halitoi methanoli ya kuua. Mtungi wa busaa kwa kawaida huwa na kileo cha kati ya asilimia 2 na 5, sawa na bia ya chupa au chini yake. Methanoli ya kuua hutiwa na mfanyabiashara anayetaka faida ya haraka, ndani ya kinywaji kikali chenye rangi ya maji, ambacho mnunuzi hawezi kukitambua kwa jicho wala kwa ulimi. Msako unapofika kijijini, hata hivyo, kinachomwagwa mbele ya kamera mara nyingi ni pipa la mama mmoja, kwa sababu pipa ni kubwa, linaonekana, na mwenyewe hana wakili.

Sheria yenyewe imeacha mlango wazi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huijua kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ilifuta marufuku ya chang'aa na kutaka kila anayetengeneza kileo cha kuuza awe na leseni. Katiba ya mwaka huo huo, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, nayo imeiorodhesha chini ya shughuli za utamaduni na burudani. Kwa hiyo kaunti ina uwezo wa kumtazama mpishi wa amarwa kama mtu wa utamaduni na biashara ndogo, ikitaka.

Ubaya wa busaa nao usifichwe. Ulevi ni ulevi hata ukitoka kwenye wimbi safi. Zipo nyumba ambazo karo ya mtoto imenywewa, na zipo nyumba ambazo mtungi umeleta vipigo. Watafiti katika magharibi ya Kenya wamekuta sumukuvu ndani ya busaa, na chanzo chake ni mahindi yaliyoota ukungu ambayo mtu huona hayafai ugali lakini yanafaa pombe. Wapo pia wanaopikia katika mapipa yaliyowahi kubeba kemikali. Na wapo maelfu wasioigusa pombe kwa imani zao. Waadventista wamekuwa katika nchi hii tangu walipofungua misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na mafundisho yao dhidi ya kileo yamejenga familia nyingi. Sauti yao lazima isikike katika mjadala huu.

Wimbi na tumbaku

Ukitaka kuelewa kwa nini wimbi limepungua Kuria, tazama mabanda ya kukaushia tumbaku. Tangu miaka ya 1970 kampuni za tumbaku zilieneza kilimo cha mkataba Nyanza Kusini, na Kuria ikawa mojawapo ya ngome zake. Tumbaku ilileta fedha za mkupuo, lakini ilichukua ardhi nzuri, ilichukua kazi ya watoto na kina mama, na ilichukua kuni nyingi za kukaushia majani. Mahindi yakachukua sehemu iliyobaki. Wimbi, linalotaka palizi ya mkono na uvumilivu, likasukumwa pembezoni.

Hali hiyo imeanza kubadilika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), Mpango wa Chakula Duniani na serikali, walianzisha Migori mradi wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kulima maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi. Wimbi linastahili nafasi katika mageuzi hayo. Gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, kiasi ambacho hakuna nafaka nyingine kuu inayokikaribia. Linakaa ghalani miaka bila kuliwa na fukusi. Na kimea chake kina kazi hata katika nyumba isiyonywa kileo: kijiko kimoja katika uji mzito wa mtoto huufanya ulainike bila kuongeza maji, hivyo mtoto hula chakula kingi zaidi kwa tumbo lile lile. Jirani zetu wa Tanzania hutumia kimea hicho hicho kutengeneza togwa, kinywaji kitamu kisicholevya.

Tayari viwanda vimethibitisha kwamba nafaka ya mkulima mdogo inaweza kujenga bia. Uganda ilianza mwaka 2002 na Eagle Lager inayopikwa kwa mtama. Kenya ikafuata mwaka 2004 na Senator Keg, iliyopewa nafuu ya ushuru ili watu wa kipato cha chini waachane na pombe hatari, na baadaye mtama wake ukawapa soko wakulima wa kaunti za Nyanza, zikiwemo Migori na Homa Bay. Serikali ilipoipunguza nafuu hiyo mwaka 2013, mauzo yaliporomoka na wakulima wakabaki na magunia. Funzo lake ni zito: anayelimia kiwanda kimoja hulala na kuamka kwa uamuzi wa Nairobi. Soko la kimea la kijijini ni dogo, lakini haliwezi kufungwa kwa hotuba moja ya bajeti.

Yafanyike haya

Bunge la Kaunti ya Migori litunge daraja la leseni la pombe ya nafaka isiyotoneshwa kwa moto, yenye ada ambayo mama wa kijijini anaweza kuilipa, na masharti anayoweza kuyatimiza: chombo safi kinachofaa chakula, maji yaliyochemshwa, mahindi yasiyo na ukungu, na tarehe ya kupikwa iandikwe wazi. Pombe ikifika siku yake ya mwisho imwagwe. Umri wa miaka 18 uheshimiwe bila mzaha. Nchini Tanzania, Chibuku, bia ya nafaka yenye machicha, imewahi kuuzwa ndani ya pakiti ikiwa bado inachachuka. Ushahidi upo kwamba kinywaji cha aina hii kinaweza kudhibitiwa.

Maafisa wa afya ya umma wapewe vifaa vya kupima, na waende kwa mpishi kama mwalimu kabla ya kwenda kama askari. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ambayo kituo chake cha Alupe kule Busia kinashughulikia mbegu za wimbi, ifike Kuria na aina zinazokomaa mapema na kuvumilia maradhi. Vyama vya akina mama vinunue mashine ya kupura, ili wimbi lisiguse ardhi na mchanga uishie hapo. Na msako wa polisi uelekezwe kwenye magari yanayosafirisha methanoli, mahali ambapo kifo huanzia.

Kwa msomaji wa Kehancha, Isebania, Migori au Homa Bay, ombi ni jepesi. Ukilima, tenga robo ekari kwa wimbi msimu ujao. Ukiwa na watoto, otesha kimea cha uji kabla ya kufikiria kimea cha pombe. Ukinywa, kunywa kwa kiasi, kwa mpishi unayemjua na ambaye umeliona pipa lake, na usiguse kinywaji kikali ambacho hujui kilikotoka, hata kiwe rahisi namna gani. Bia ya shambani kwetu ipo, na haikuhitaji ua la Ulaya ili iwe bia. Inachohitaji sasa ni usafi, sheria ya haki na mkulima anayelipwa bei nzuri ya wimbi lake.